Madam wa Chumba cha Kompyuta

Walimu wengine waliingia darasani wakahesabu wanafunzi. Yeye alihesabu viti vitupu. Alisimama mlangoni, mkoba begani, sweta la kiume la kahawia limefungwa vifungo hadi shingoni kwa ajili ya baridi ya Lushoto, akapitisha macho safu kwa safu, kisha akauliza, "Pale pembeni, kiti cha nani kile?" Tukimwambia mwenye kiti anaumwa, aliuliza anaumwa nini. Tukimwambia hatujui, alikasirika kuliko kama tungekosa swali la mtihani.

"Mnalala naye bweni moja, mnakula naye ugali mmoja, hamjui anaumwa nini. Halafu mnataka mjue kompyuta inaumwa nini!"

Tulimwita Madam. Chuoni kulikuwa na akina madam wengine, wa uhasibu, wa Kiingereza, wa maendeleo ya jamii, lakini hao walitajwa pamoja na somo au jina. Ukisema Madam peke yake, kila mtu alijua ni mkuu wa idara ya teknolojia ya habari, yule mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka ambaye mvua ikinyesha alifundisha amevaa buti za mpira. Nilikuwa mwanafunzi wake kwanza, baadaye nikawa mkufunzi msaidizi chini yake. Kwa muda wote huo nakumbuka siku chache sana ambazo sikuwa na hasira, ama pamoja naye, ama kwa sababu yake.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha binafsi, kwenye mteremko nje kidogo ya mji. Kozi ya kompyuta ndiyo iliyochorwa kubwa kwenye bango la barabarani. Mwaka wa kwanza tulianza chumba kimejaa, wengine wamekaa kwenye kingo za madirisha. Kufika mwaka wa pili ulikuwa unachagua kiti unachotaka. Watu waliondoka bila kuaga. Mmoja hakurudi baada ya likizo ya Pasaka. Mwingine alikwenda kwao Mlola kusaidia kuvuna viazi wiki moja, akabaki huko. Mwingine alipata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, akaona bora aondoke mwenyewe kabla hawajamdisko na kumfukuza. Mkuu wa chuo, mzee nadhifu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alikuwa na maelezo yake: wavivu wanajichuja wenyewe. Madam alimjibu mbele yetu sote, "Anayechuja ni sisi, Mkuu. Na tunawamwaga wale wazuri."

Ukweli ni kwamba wengi wetu tulifika pale hatujawahi kugusa kompyuta. Mimi niliiona mara ya kwanza kwa karibu siku nilipopeleka fomu za kujiunga, kwenye meza ya karani. Tena Kiswahili chenyewe kwetu tulijifunza shuleni, nyumbani ni Kishambaa, na sasa tukapewa vitabu vya Kiingereza. Mtaala ulitutaka tukariri vizazi vya kompyuta, cha kwanza hadi cha tano, na tuchore kibodi kwenye daftari, kitufe kwa kitufe. Nilichora kibodi nzuri sana. Nilipata alama zote. Na mwisho wa muhula ule wa kwanza sikuwa nikijua jinsi ya kufungua faili.

Madam alifundisha mtaala huo kwa sababu mtihani uliutaka, lakini alifanya hivyo kama mtu anayekunywa dawa chungu. Alisoma ukurasa, akafunga kitabu, akavuta sanduku la kompyuta mbovu lililokaa chini ya meza yake, akaliweka juu na kulifungua. "Haya. Tumemaliza ya mtihani, sasa tufanye ya kazi. Nani atagusa?"

Hakuna aliyenyanyuka. Tuliogopa.

"Guseni. Mkiiharibu tutajua imeharibikia wapi."

Hilo ndilo neno lake nililolisikia mara nyingi kuliko mengine yote. Siku ya kwanza alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa najificha nyuma ya mwenzangu. "Wewe binti wa ushungi wa kijani. Jina?"

"Rehema, Madam."

"Rehema, chomoa kitu chochote humo ndani."

Nilichomoa kipande kirefu chembamba, na yeye akaniambia nikirudishe. Kilikataa kuingia. Alinisubiri. Darasa zima lilisubiri. Hakunisaidia hata kidogo, alikaa juu ya meza akining'iniza buti zake, mpaka nikagundua mwenyewe kwamba nimekigeuza. Kilipolia "ta!" na kukaa mahali pake, nilijua kwa mara ya kwanza kwamba sitaacha chuo. Nasema hili ili ieleweke kwamba yote nitakayoyasema baadaye juu yake nayasema nikiwa nimekiri kwanza kwamba nina deni lake.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alifundisha teknolojia akiwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, iliyofungwa kwa raba isiachane na betri yake. Wanafunzi walimcheka. Alisema simu kubwa anaijua vizuri, ndiyo maana hataki Mkuu wa chuo ampate kwenye kundi la WhatsApp saa anakula. Alipiga vita kukariri, lakini ukikosea tahajia katika ripoti yako alikuandikisha neno hilo mara hamsini kama mtoto wa darasa la pili. Alisema anayeanza asichekwe. Lakini ulimi wake ulikuwa na wembe, na wembe huo hauchagui.

Zaina ndiye aliyenifundisha hilo. Alikuwa msichana wa kutoka upande wa Mlalo, mpole, mikono myepesi kuliko yetu sote. Ungempa waya zilizosokotana akazipanga huku anazungumza mambo mengine. Hesabu ndizo zilimshinda. Siku moja Madam alimwita ubaoni kugeuza namba kuwa za sifuri na moja, Zaina akasimama na chaki mkononi bila kuandika kitu. Dakika zikapita. Asubuhi hiyo Madam alikuwa ametoka kwenye kikao cha kamati ya taaluma, tulijua kwa jinsi alivyotupa mkoba. Akasema, "Kama hili nalo limekushinda, nenda nyumbani ukalime karoti."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, nakiri. Zaina aliweka chaki chini taratibu, akarudi kwenye kiti chake, akakaa hadi kipindi kikaisha. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Wiki ya tatu Madam aliniambia, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa darasa, nimsindikize Mlalo. Tulikwenda Jumamosi. Kwa akina Zaina tulimkuta baba yake akifunga magunia kando ya shamba. Alitupokea kwa heshima zote, akatuandalia viti, akaagiza chai. Hakujua kilichotokea. Zaina alikuwa amemwambia tu kwamba masomo yamekuwa magumu. Zaina akatokea shambani na kanga kiunoni, udongo mikononi.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuchukua."

"Ahsante Madam. Siji."

"Zaina, nilikosea kusema vile."

"Hukukosea, Madam. Ulisema nikalime karoti. Nalima karoti."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayetoa taarifa, macho chini, na baba yake alimtazama yeye, akamtazama Madam, akaanza kuelewa. Sijawahi kuona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka mikono yake kama Madam siku ile. Alijaribu tena, akaeleza habari za kusoma hesabu pembeni, za kumpa muda, za kurudia muhula. Zaina alisikiliza yote akatikisa kichwa. Tulipoondoka, yule mzee alitupa karoti nusu gunia, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu, na kwa sababu alikuwa mwungwana kuliko sisi. Madam alilibeba mwenyewe. Jumatatu aliliweka katika chumba cha walimu, akawaambia wenzake wachukue. Yeye hakuchukua hata moja.

Baada ya hapo sikumsikia tena akitaja kilimo kama tusi. Lakini nilimsikia akitusi kwa maneno mengine, na nilishangaa kwamba mtu anaweza kujifunza jambo kwa uchungu kiasi kile halafu ajifunze nusu yake tu.

Kuhusu mashine mpya kila aliyepita chuoni kwetu ana namna yake ya kusimulia. Namna yangu ni hii, kwa sababu nilikuwepo. Wafadhili walituletea kompyuta nzuri, zikiwa ndani ya maboksi yake. Zikafungiwa stoo. Tuliambiwa zitatumika baada ya kuzinduliwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa anatafutiwa tarehe. Tukasubiri. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Tulikuwa tukigombania kompyuta nne za zamani, watu sita kila moja, mmoja anabonyeza na watano wanapumua shingoni kwake, na ukuta mmoja kutoka hapo kulikuwa na mashine mpya hazijawahi kuwashwa. Kila Jumatatu Madam alikwenda ofisini kuomba ufunguo. Kila Jumatatu alijibiwa kwamba itifaki haijakamilika. Mvua za masika zikaja, na mtunza stoo mwenyewe akamnong'oneza kwamba bati la stoo linavuja.

Jumamosi moja alitukusanya mbele ya mlango wa stoo na bisibisi mkononi. "Somo la leo," alisema, "ni bawaba."

Tulidhani anatania. Alitufundisha kweli: jinsi ya kufungua skrubu iliyoshika kutu bila kuila kichwa, jinsi ya kuushika mlango usimwangukie mtu. Tuliung'oa mlango mzima kufuli likiwa limefungwa vilevile, tukaingia, tukaanza kusogeza maboksi yaliyokuwa chini ya tundu. Manne yalikuwa yamelowa kabisa. Kisha akafungua yaliyo makavu, akatuwekea mashine mezani, na kwa siku ile moja kila mmoja wetu alikuwa na kompyuta yake. Sitasahau ukimya wa chumba kile. Watu walikuwa wanatabasamu peke yao kama wendawazimu. Jioni tulirudisha kila kitu, tukaufunga mlango, skrubu kwa skrubu.

Tungefaulu, ila mmoja wetu alisahau sweta ndani.

Madam akapewa barua ya onyo. Aliisoma mbele ya Mkuu wa chuo, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akasahihisha sarufi mahali patatu, akamrudishia. Tulicheka kwa wiki nzima. Nikiwaza sasa naona kwamba kicheko kile hakikutusaidia. Barua ilichapwa upya bila makosa na kuwekwa kwenye faili lake, na mashine zilibaki stoo mpaka mgeni rasmi alipokuja miezi kadhaa baadaye, akakata utepe, akapigwa picha akibonyeza kitufe cha kompyuta ambayo haikuwaka. Mkuu wa chuo alisema ni umeme. Umeme ulikuwepo.

Habari za kazi ndizo zilizomchosha kuliko zote. "Nikimfundisha mtu miaka miwili halafu anarudi kwao kusubiri," alisema, "nimemfundisha kusubiri." Mtaala ulidai kila mwanafunzi aende fildi wiki sita, akafanye mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi au kiwanda. Kwa wengi wetu fildi ilikuwa kutoa fotokopi. Mwenzangu Elibariki, kijana mrefu wa familia ya wakulima Walutheri, mwimbaji wa kwaya, alipelekwa kwenye ofisi moja ambako kwa wiki sita alichemsha chai, akapeleka bahasha, na mara moja akatakiwa kufuta vumbi kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Mwisho wa fildi bosi alimwandikia kwamba ameonyesha bidii kubwa, akagonga muhuri.

Madam aliisoma ile ripoti akamwita. "Ulifanya nini kule?"

"Nilifanya kazi mbalimbali, Madam."

"Taja moja niliyokufundisha."

Madam akamkatalia alama. Alimwambia arudie fildi yote.

Tulimwona mkatili. Kosa lilikuwa la ofisi, si la Elibariki, na kurudia kulimaanisha atachelewa kumaliza mwaka mzima. Elibariki alirudi bwenini kwao, akapiga ngumi ukuta hadi vidole vikavimba. Nilikwenda kumwombea. Madam alinisikiliza, akasema, "Rehema, nikisaini karatasi hii, mtu wa kwanza atakayemwajiri atagundua ndani ya siku mbili. Atamfukuza yeye, hatanifukuza mimi." Kisha akamtafutia mwenyewe mahali pengine, zahanati moja iliyokuwa ikiandika dawa zake kwenye madaftari yaliyochanika. Alikwenda kumtembelea kila wiki. Elibariki alitengeneza kwa mikono yake jedwali la dawa lililowaonyesha manesi zipi zinakaribia kuisha muda wake, na akakaa na manesi hao mmoja mmoja mpaka wakalizoea. Alimaliza mwaka mmoja baada yetu, na alipata kazi kabla ya wengi wetu. Hata hivyo hakumsamehe Madam. Nilimuuliza mara moja akaniambia, "Alikuwa sahihi, lakini angeweza kwenda kupambana na bosi wangu kwanza kabla yangu."

Yote haya Madam aliyaweka kwenye andiko moja. Alitaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atengeneze kitu kinachofanya kazi ndani ya wiki mbili za mwanzo, kabla hofu haijamzoea. Alitaka kila wa mwaka wa pili akabidhiwe wa mwaka wa kwanza wa kusoma naye na kumfuatilia asipoonekana. Na alitaka watu wanaoajiri, wa hospitali, wa viwanda vya chai, wa vyama vya wakulima wa mboga, waitwe kukaa chumbani wakati wa mtihani wa vitendo na kuuliza maswali yao wenyewe. Wakati huo nilikuwa nimemaliza na kuajiriwa pale kama msaidizi wake, kwa hiyo mimi ndiye niliyelichapa, na mimi ndiye niliyeingia naye kwenye kamati.

Mara ya kwanza kamati ililirudisha kwa sababu ya pambizo za ukurasa. Mara ya pili walisema lugha ni kali. Mara ya tatu mjumbe mmoja alisema waajiri wakija watatukosoa mbele ya wanafunzi.

"Ndiyo maana nawaita," Madam akasema.

Mkuu wa chuo akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, ninapaswa kusema hivyo. Alipenda mambo yaende polepole kwa mpangilio. "Madam, wazo ni zuri sana. Tuliweke kwenye mpango wa muda mrefu."

"Muda mrefu ni upi, Mkuu? Wanafunzi wangu wanakaa hapa miaka miwili tu."

Katibu akaandika kwamba andiko limepokelewa. Tulipotoka nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bustani, na Madam alisimama kwenye ngazi akitafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Mwishowe akasema kwa Kishambaa, lugha ambayo chuoni hakuitumia kamwe, kwamba amechoka. Kisha akaenda darasani.

Ndipo likatokea langu.

Kulikuwa na kampuni moja Moshi iliyofunga mitandao kwenye mahoteli. Walitafuta fundi, nikaomba, wakaniita, wakanipenda. Kilichobaki kilikuwa fomu ya mkuu wangu wa kazi, aijaze na kuirudisha moja kwa moja kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimpelekea Madam kwa furaha. Nilidhani nitakuwa mfano wake, yule wa kuonyeshwa kwa kamati.

"Niachie," alisema. "Nitaandika."

Wiki ya kwanza nikamkumbusha. Wiki ya pili nikamkumbusha tena. "Naishughulikia." Mwezi ukaisha. Moshi wakanipigia kuniambia kwa upole kwamba wamemchukua mtu mwingine kwa sababu karatasi zangu hazikukamilika. Nilifikiri fomu imepotea njiani. Siku chache baadaye aliniagiza nikachukue daftari la mahudhurio kwenye droo yake, na chini ya daftari nikaikuta fomu yangu. Safi. Hata kona haikukunjwa. Hakuna herufi moja aliyoiandika.

Nilirudi nayo darasani, nikasubiri wanafunzi watoke.

"Madam, hukuijaza."

Hakujifanya hajaelewa. "Sikuijaza."

"Kwa nini?"

"Ukiondoka wewe, nani atafundisha mitandao? Watamleta nani? Hawatamleta mtu. Watasema idara haina walimu, wataifunga."

"Kila siku unawaambia wanafunzi waende kazi iliko."

"Wewe si mwanafunzi."

"Mimi ni nani basi?"

Alianza kukusanya nyaya zilizokuwa mezani, akazizungusha moja moja mkononi kama alivyotufundisha. Nilitoka nikaubamiza mlango. Kwa mwaka mzima uliofuata tulifundisha chumba kimoja, tukisalimiana kwa adabu na kuzungumza ya kazi tu. Nilijaribu kuomba mahali pengine, sikupata. Kila nilipokosa nilimkumbuka.

Na idara ilifungwa vilevile. Mwaka huo waliojiunga walikuwa wachache kiasi kwamba safu ya mbele haikujaa. Tangazo lilibandikwa ubaoni, karatasi moja, likisema kozi imesitishwa kwa kukosa soko. Madam alisimama akalisoma pamoja na wanafunzi, akalisoma tena. Niliutazama mkoba wake nikitegemea kalamu nyekundu itoke. Haikutoka. Aliingia darasani akamalizia kipindi chake mpaka dakika ya mwisho, akatoa na kazi ya nyumbani.

Hatukuagana. Yeye alistaafu, mimi nikahangaika karibu mwaka, kisha nikapata kazi katika hospitali moja Korogwe, kusimamia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ndiko niliko hadi sasa.

Mwaka jana nilipanda Soni kwenye harusi ya binamu yangu. Mama mmoja jikoni, alipojua nilisoma chuo kipi, aliniambia Madam yuko hai, anaishi juu kwenye barabara ya Bumbuli, miguu inamsumbua. Nilisema sawa, nikaendelea kumenya vitunguu. Asubuhi yake nilijikuta nimepanda bodaboda.

Alikuwa barazani, miguu imenyooshwa juu ya kigoda, anachagua mbegu za viazi. Amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba." Alinitazama sekunde chache tu. "Rehema. Kaa. Umekonda."

Hakuuliza habari za nyumbani wala za harusi. Alitaka kujua ninafanya nini hasa, siku kwa siku. Nikamweleza. Akauliza umeme ukikatika mgonjwa akiwa dirishani, tunafanyaje. Akauliza nani anawafundisha manesi wapya. Akauliza kumbukumbu zinahifadhiwa wapi pengine, hospitali ikiungua. Nilijibu yote.

"Hayo ya kuhifadhi mara mbili, nani alikufundisha?"

"Nilijifunzia kazini, Madam. Baada ya kupoteza kazi ya siku tatu."

Alitupa kiazi kilichooza uani. "Kwa hiyo sisi tulikufanyia nini miaka yote ile?"

Nilitaka kusema mengi ya kumfariji. Hakuonekana kutaka kufarijiwa, alionekana kuwa na hasira, hasira ileile ya kwenye kamati, ila sasa hapakuwa na kamati ya kuipelekea. Binti wa ndugu yake akatuletea viazi vya kuchemsha na pilipili, akaondoka. Madam hakugusa chakula.

"Ile fomu," akasema.

Nikaisogeza sahani pembeni.

"Nilijua wataifunga idara hata ukibaki. Nilijua siku ile ile. Nilikuwa na uwezo wa kumtoa mtu mmoja, nikamzuia. Na huyo mmoja hakuzuiwa na Mkuu wala na kamati. Nilimzuia mimi."

Kwa miaka nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku hiyo. Mengine makali, mengine ya kiungwana. Nilitafuta hata moja sikuliona. Lililokuja mdomoni lilikuwa lile tunalolisema sote mtu mzima akituomba radhi, kwamba haina shida, yamepita. Nikalizuia, kwa sababu ilikuwa na shida, na kwa sababu mtu huyu hakuwahi kunipa alama ya uongo hata mara moja.

"Ulinikosea, Madam," nikasema.

"Nilikukosea."

Akavuta pumzi, akainama akachukua kiazi kimoja kwenye sahani, akakimenya kwa kucha taratibu, akanipa mimi kwanza. Kisha akajimenyea cha kwake, tukala.